Mkutano wa Kumchagulia Ndama Serikali

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa kuwa mjumbe katika mkutano wa kuchagua namna ya kuitawala programu ya kompyuta. Sikuwa nimekula chakula kizito, wala sikuwa na homa. Ninaandika nilichokiona, kwa mpangilio niliouona, na asiyesadiki ana uhuru wake.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Mjukuu wangu Namkunda, binti wa mwanangu wa tatu, ni mtaalamu wa kompyuta mjini Arusha. Miaka minne iliyopita alitunga programu ya kupanga zamu za maji katika mifereji yetu ya huku Upareni, ili mtu asigombane na jirani yake kwa ajili ya tuta moja la maharage. Aliiita Zamu. Programu hiyo ni huria, maana yake kila mtu anaruhusiwa kuisoma ndani, kuichukua, kuirekebisha, na kuyarejesha marekebisho yake kwa faida ya wote. Sasa inatumiwa na kamati za mifereji ya nchi ambazo mimi nilizifundisha kwenye ramani tu, na watu zaidi ya arobaini huitengeneza. Hata hivyo kila rekebisho, hata la nukta moja, lilisubiri idhini ya Namkunda peke yake.

Jumatano alfajiri alinipigia simu. Alieleza kwamba wenzake wanadai utaratibu: ama yeye awe mkuu wa maisha, ama liwepo baraza la kuchaguliwa, ama anayefanya kazi ndiye awe mwamuzi. Alisema pia kwamba amechoka na halali vizuri. Alitaka ushauri wangu kwa kuwa niliwahi kuwa mwenyekiti wa mfereji wetu kwa miaka ishirini na miwili. Nilimjibu kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, kwamba mkuu ni mmoja, na kwamba uchovu si hoja.

"Basi Babu, nitaliweka hilo mbele yao," alisema. "Desturi yetu, hoja ikikaa siku tatu bila mtu kuipinga, imepita."

Nilimpongeza nikakata simu. Siku tatu hizo zilikuwa zinaisha leo Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa ndoto.

Nimekaa juu ya ukuta wa ndiva, yaani bwawa ambalo wazee wetu walilijenga ili maji ya mfereji yajikusanye humo kabla ya kufunguliwa kwenda mashambani. Ni asubuhi. Nimevaa koti langu la mikutano. Mbele yangu amesimama ndama mwenye vifungo tumboni, vifungo kumi na viwili, kuanzia kidarini hadi kitovuni.

"Shikamoo Mwalimu," akasema ndama.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Zamu. Naomba unifungulie kifungo cha tatu. Kuna mtu ameniwekea figo mpya, nayo inanibana."

Nilimfungulia. Ndani palikuwa safi na kila kiungo kilibandikwa jina lake kwa mwandiko wa Namkunda, ulioinama kidogo kulia kama nilivyomfundisha. Nilikuwa bado naisogeza figo alipokuja bwana nisiyemfahamu, akatusalimu, akafungua kifungo cha nane, akatia gurudumu dogo la shaba, akafunga, akaenda zake. Nilimwuliza ndama kama hana zizi la kufungiwa. Alijibu kwamba analo, ila zizi lake ni milango mitupu.

"Leo natafutiwa serikali," aliendelea. "Angalia ukutani pale. Maji yakifika alama ya tatu, kilichopita kimepita."

Niliangalia. Ukutani palikuwa na alama tatu za chokaa. Maji yalikuwa yameipita ya kwanza.

Nilipogeuka, ndiva ilikuwa ukumbi wa shule nilikofundisha hesabu. Hakuna aliyetembea. Maji yalibaki pale pale, sasa yakiwa sakafuni, na watu wamekaa kwenye madawati yao kwa utulivu, viatu mikononi. Kwenye meza ya mwalimu alikaa chura mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mbele yake kitabu cha kumbukumbu. Alikuwa katibu.

Hakunisalimu. Alinitazama, akaandika "yupo", akafungua ukurasa mwingine. Nilikusudia kumkumbusha methali ya kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji, lakini ndama alikuwepo ukumbini, nami sikupenda ionekane nampigia kampeni. Nikanyamaza. Mimi simwanzi kwa maneno kiumbe mdogo wangu ambaye hajaniamkia. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyowalea wengine.

Chura alisoma sheria ya mkutano. Kunyamaza ni kukubali. Anayepinga hutoa sababu. Sababu hupimwa kwa mizani. Na ikionekana ina uzito, mpingaji hupewa kazi ya kufanya.

Kati ya waombaji watatu wa utawala, Jembe lilikuwa la kwanza. Lilisimama kwa mpini wake na kusema kwa kifupi kwamba anayelima ndiye anayeamua, na asiye na tope mikononi hana neno. Chura akalikubalia lijaribiwe. Papo hapo sauti ziliwapotea watu wote wenye mikono safi. Bibi Nakijwa, mjane mwenye matuta ya maharage kule mwisho wa mfereji, alikuwa amembeba mtoto wa binti yake mgongoni, na hakuwa ameshika jembe siku hiyo. Alifungua kinywa, pakatoka hewa.

Aliyebaki na sauti ni Kajiru, fundi bomba wa Hedaru, mtu mwenye kifua kipana, asiye na mtoto mchanga wala mgonjwa wa kuuguza. Alikuwa amelima tangu alfajiri. Aliamua mfereji upande mlima. Kwa kuwa ndiye aliyelima, mfereji ukapanda mlima. Tuliutazama ukipanda kwa taabu, ukipumzika penye kona, hadi ukaingia msituni na hatukuuona tena. Kajiru alitaka kuongeza jambo la pili, lakini tope lilimkaukia mikononi akakatika katikati ya sentensi.

Likafuata Sanduku la kura. Hilo lilikuwa na heshima zake na lilizungumza kwa kirefu. Chini ya utawala wake tulipiga kura juu ya kila jambo: figo ikae kushoto au kulia, kikao kianze au kihesabiwe kuwa kilishaanza. Tulichagua baraza la watu saba. Mjumbe wa saba akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akidi ikavunjika, na jua likasimama.

Lilisimama muda mrefu. Ndama alisubiri tumbo wazi, nzi wakiingia na kutoka kama watu wenye mwaliko. Bibi Nakijwa, ambaye sauti ilikuwa imemrudia, aliuliza kama hatuwezi kupiga kura ya kumwita yule bwana arudi. Sanduku lilijibu kwamba kura hiyo inahitaji wajumbe saba.

"Basi tumpelekee kura kule kule," akasema Bibi Nakijwa.

Bwana aliporudi, akifunga mkanda, jua liliondoka kwa kishindo na watu wawili wakaanguka kutoka kwenye madawati.

Nakiri kwamba moyoni nilifurahi. Nilijiambia kuwa kila kilichotokea kinathibitisha nilichomwambia mjukuu wangu. Kilichobaki ni Kigoda.

Kigoda hakikujieleza. Ukuta wa nyuma wa ukumbi uliondolewa kama pazia, nikaona mteremko wote wa mlima hadi tambarare na barabara kuu, na katikati ya mteremko kigoda cha miguu mitatu, na juu yake Namkunda. Miguu ya kigoda ilikuwa imeota mizizi. Watu walipanga foleni kutoka miguuni pake hadi barabarani, kila mmoja ameshika karatasi ya kuomba ruhusa ya kufungua kifungo. Namkunda aligonga mhuri, karatasi baada ya karatasi. Upande mmoja wa nywele zake ulikuwa umeingia mvi hadi sikioni. Chai aliletewa kwa ncha ya mti mrefu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuipita foleni.

Alikuwa akigonga mhuri kwa mkono wa kulia na kula kiazi kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba yangu.

"Shikamoo Babu," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Mbona unakula kwa kushoto?"

"Wa kulia una kazi."

"Shuka basi, ule kama mtu."

"Hakishukiki, Babu. Ni cha maisha. Ulisema mkuu ni mmoja. Ndiye mimi."

Nilikiuliza Kigoda kitamwachia lini. Kilinijibu kwa adabu kwamba neno "maisha" kililielewa kama lilivyoandikwa. Nikauliza, na yeye akifa? Kilisema kwamba kitahuzunika kwa kiasi kinachostahili, kisha kitangoja mwingine.

Chura akakohoa na kusoma. Hoja: Namkunda awe mkuu wa Zamu, peke yake, maisha yake yote, kama alivyoshauri babu yake, Mwalimu Elieskia Mchome. Mwenye kupinga aseme.

Ukumbi ukawa kimya. Nilidhani ni kimya cha kuridhika, mpaka nilipoona kwamba wote wananitazama, na kila ninayemtazama anatazama viatu alivyoshika. Ndipo nikaelewa. Nani angesimama kuupinga ushauri wa mzee mbele ya macho yake, tena juu ya mtoto wa nyumba yake? Mwenye ruhusa ya kuupinga ushauri wangu alikuwa mmoja tu. Kajiru naye hakupinga, ila alikuwa amemchora ndama mstari wa chokaa kutoka puani hadi mkiani, na kando yake ameegemeza msumeno. Alimweleza jirani yake, bila hasira, kwamba hoja ikipita atampasua, achukue ndama wake aende. Kila nusu itakuwa ndama mzima, alisema, sheria inaruhusu. Jirani akamwuliza kama mfereji nao utakuwa mifereji miwili.

Maji yalifika alama ya pili.

Nilikuwa tayari kupinga. Tatizo ni kwamba chura alikuwa bado hajaniamkia. Niliweka mikono juu ya bakora yangu nikangoja.

"Mwalimu, kunyamaza kwako kunahesabiwa," alisema Bibi Nakijwa.

Nilimweleza kwamba ninamngojea katibu akumbuke adabu.

"Mngojee. Lakini yeye maji yakijaa ataogelea."

Maji yanapanda. Yako magotini mwa wale wa madawati ya mbele, ambao wanasogeza tu viatu kutoka mapajani hadi kifuani. Mizizi ya kigoda imeacha kuchimba chini na sasa inapanda juu. Imeshika vifundo vya miguu ya Namkunda. Anagonga mhuri polepole, na kila mara baada ya kugonga macho yanajifumba. Chini ya alama ya tatu kumebaki upana wa kidole.

Nikasimama. Katika miaka yangu themanini na moja sijapata kufanya nililofanya.

"Hujambo, Katibu."

"Sijambo. Shikamoo Mwalimu," akasema chura mara moja, akavua miwani. Alieleza kwamba alikuwa akitaka kuniamkia tangu asubuhi, ila kanuni ya mkutano inamkataza katibu kuzungumza na mjumbe ambaye hajaomba nafasi.

"Marahaba," nikasema. "Ninapinga."

Mizani ililetwa. Aliniomba sababu.

Nilisema kwamba Namkunda ni mjukuu wangu. Kitanga cha mizani hakikutikisika. Chura alisema kwamba kila aliyemo humu ni mjukuu wa mtu.

Nilisema kwamba nilikuwa mwenyekiti wa mfereji miaka ishirini na miwili na maneno yangu yanatosha. Kitanga kikashuka kidogo. Chura akainama, akamfukuza nzi, kikapanda.

Bibi Nakijwa alikuwa amemshusha mtoto mgongoni na kumweka juu ya dawati asilowe. Alinitazama. Nilifahamu anachokitazama. Nikasema, na hili sijapata kulisema kwa mtu nikiwa macho.

Mwaka mmoja nilipokuwa mwenyekiti nililazwa hospitali wiki tatu. Kizibo cha ndiva yetu kina ukaidi wake: lazima ukizungushe nusu mzunguko kushoto kabla ya kukivuta. Mimi peke yangu nilijua, na sikuwa nimemfundisha mtu, kwa sababu niliona kwamba anayejua peke yake ndiye anayeheshimiwa. Wiki tatu maji yalijaa na kumwagika porini, na maharage ya mwisho wa mfereji yakakauka yakiwa na maua. Niliporudi nikatangaza kwamba panya wametoboa ukingo.

"Tulikivuta siku tano," alisema Bibi Nakijwa. "Wanaume sita na kamba. Na hapakuwa na panya."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza, Mwalimu. Tulinyamaza, ukahesabu tumekubali."

Nikamgeukia chura. "Andika sababu yangu. Ninapinga kwa sababu nilikosea."

Kitanga kilishuka hadi kikagonga meza, na wino ukamwagika. Chura aliongeza mawe upande wa pili, moja moja, akainamia mizani, akasoma kwa sauti: ratili mbili na wakia tano. Alisema hajapata kupima sababu nzito namna hiyo tangu apewe ukatibu, na akaniuliza kama niko tayari kwa kazi.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha. Ukumbi ulikuwa umerudi kuwa ndiva, na kizibo kilikuwepo mahali pake. Nilimfundisha Kajiru kwanza, ambaye alitaka kukivuta kwa nguvu na ilibidi nimpige kidogo kwenye vidole. Nilimfundisha Bibi Nakijwa. Yeye alikizungusha mara moja na kuniuliza kama ni hilo tu. Nilikiri kwamba ni hilo tu. Nikawafundisha wengine watatu. Huko mteremkoni Namkunda naye alikuwa akisema kwa sauti mambo aliyoyajua peke yake, kifungo kwa kifungo, na kila mtu alipoelewa jambo moja, mzizi mmoja uliachia. Wa mwisho ulikuwa mnene na ulihitaji maelezo marefu.

Akasimama. Miguu ilikuwa imemfa ganzi. Alihamishia kiazi mkono wa kulia, akala.

Chura akasoma hoja mpya. Zamu itakuwa na watunzaji watano, na analolijua mmoja watalijua wote. Yeyote kati yao anaweza kushuka kwenda kula, kulala, au kuuguza, na zizi lisifungwe. Kimya kitakuwa kukubali, lakini baada tu ya kila mtu kuulizwa kwa jina lake, kuanzia wale wa mwisho wa mfereji. Kisha akawauliza wote kwa majina. Lilikuwa jambo la kuchosha na hakuna aliyelalamika. Kajiru, alipofikiwa, alikuwa akifuta mstari wa chokaa kwa mkono wa shati. Alisema anakubali, ila mfereji wake wa mlimani aachiwe ajaribu pembeni, na kama ukileta maji atakuja kusema. Hakukataliwa.

"Elieskia Mchome," akasema chura.

"Nakubali," nikasema kwa sauti, nikiwa nimesimama wima.

Bibi Nakijwa akazungusha kizibo nusu mzunguko kushoto, maji yakatoka, nami nikatoka nayo.

Niliamka kitandani kwangu, jua limeshaingia dirishani. Nilichunguza nyayo zangu: zilikuwa kavu. Nilichunguza mikono: haikuwa na tope wala wino. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni ndoto kama ndoto nyingine, ndipo simu ikalia.

Alikuwa Namkunda. Aliniamkia, nikaitikia. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua kama acheke au aogope. Alisema kwamba ile hoja ya mkuu wa maisha haikupita. Ilikuwa imekaa siku tatu bila neno, mpaka saa kumi na moja na dakika arobaini leo alfajiri, ikiwa imebaki theluthi ya saa, ndipo lilipoingia pingamizi moja. Sababu yake imewatosha wenzake wote, na tangu asubuhi wanajadili watunzaji watano. Aliniuliza ni nani aliyenisaidia kuandika.

Nilimkumbusha kwamba simu yangu ni ya vitufe, na kwamba kompyuta iliyo karibu nami iko shuleni, mlango wake una kufuli mbili.

"Limeandikwa kwa jina lako, Babu. Ngoja nikusomee. Mpingaji: Elieskia Mchome. Sababu: nilikosea. Halafu kuna kitu kimeongezwa chini, na ukurasa wetu hauna hata nafasi ya kuandika kitu kama hicho. Uzito: ratili mbili na wakia tano. Babu, wakia ni nini?"

Nikamwambia kwamba wakia kumi na sita hufanya ratili moja.